Wiki Tatu za Majike Wanane

3 Machi

Kwako Mama wa Kambo,

Habari za hapo. Mimi mzima, na huku maabara kazi ni ile ile.

Nakutumia majike wanane. Panya weupe alioanza kuwafuga marehemu mama wamezaliana wenyewe kwa wenyewe mno, siku hizi wanazaa wawili, watatu, tena dhaifu. Wanahitaji damu mpya.

Nisikilize vizuri. Wageni wakae wiki tatu chumba kingine, mlango umefungwa, hata wakionekana wazima. Hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, na uvae aproni nyingine. Wiki ya tatu nitakuja kuwapima. Wakiwa safi, usiwatie kwenye vizimba vya wenyeji. Osha kizimba kipya, changanya maranda ya kulalia ya pande zote mbili, wakutane humo wote wakiwa wageni. Jike anayenyonyesha asiguswe.

Masharti ya wosia wa baba unayajua. Nyumba ni yangu, nawe unakaa humo maadamu unatunza panya. Wakiisha, na wewe safari.

Binti wa marehemu

9 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Miguu inanisumbua kidogo, lakini nashukuru. Je, wewe unakula vizuri?

Wageni wamefika jana, wanane, wananusa kila kitu kama wakaguzi. Nyumba hii ina vyumba viwili tu vyenye mlango, cha panya na changu. Basi nalala nao. Wao wananuka, mimi nakoroma, tunavumiliana. Nimechora kwa chaki miraba ishirini na mmoja mlangoni, na kila asubuhi natia alama.

Barua yako imenichekesha. Mimi niliingia nyumba hii siku moja tu, na hakuna aliyenichanganyia maranda.

Mamako mdogo

20 Machi

Mwanangu,

Natumaini umefika salama. Nimerudi kutoka kwa seremala na gunia la maranda, nikakuta kizimba cha chumbani kwangu kitupu. Fundi viatu wa mlango wa pili kaniambia ulikuja, ukakaa nusu saa, ukaondoka umenuna. Hata maji ya kunywa hukunisubiri nikupe.

Wageni nimewakuta kwa wenyeji, wawili wawili, hadi kwa wanaonyonyesha. Nimewatoa na kuwarudisha chumbani kwangu. Kizimba kimoja kilikuwa na vitoto saba, vimeshaliwa nusu.

Mlangoni nilikuwa nimetia alama ya kumi na mbili. Kwa nini, mwanangu?

Mamako mdogo

24 Machi

Mama wa Kambo,

Habari. Unaniuliza mimi kwa nini? Barua yako ya vichekesho ilinitia wasiwasi, ndiyo maana nilikuja mapema. Nikakuta kweli panya wangu wamefichwa chumbani kwa mtu, kando ya kitanda chake, kama mali yake. Nimewapeleka wanapostahili.

Wana manyoya yanayong'aa na macho safi. Miaka sita naishi kwa kazi hii, usinifundishe. Wenyeji wakifa, ni uzembe wako.

Binti wa marehemu

14 Aprili

Binti wa marehemu,

Salamu. Mimi si mzima na sitajifanya.

Vitoto vya vizimba vyote vimekufa. Vilihara, vikakauka, siku ya nne kimya. Wakubwa wakafuata. Jana nimemzika dume wa mwisho. Wageni wako wanane hawana hata chafya, wananenepa tu.

Masharti ya babako nayakumbuka, kwa hiyo singoji kufukuzwa. Ufunguo anao fundi viatu. Aproni zote mbili nimezifua. Chakula cha wale wanane kinatosha wiki moja, wahi.

Miaka kumi na mmoja nimewatunza panya wa mamako, na sikuwahi kuwachukia. Barua zako zote nimezihifadhi. Kila bahasha umeandika "Mtunza Panya". Nimeumia, na ninataka ujue.

Aliyekuwa mamako mdogo

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Sikuwahi kukuamkia katika barua, na sasa nakuamkia hupo.

Majibu ya vipimo yametoka. Wageni walikuja na ugonjwa. Wao hauwadhuru, wenyeji unawamaliza. Ningewapima wiki ya tatu ningeuona. Wale wanane nimewaua kwa mkono wangu, maana hakuna kundi linaloweza kuwapokea.

Niko chumbani kwako. Umesukuma kitanda hadi ukutani ili kizimba kipate dirisha, nami siku ile niliona kitanda tu. Mlangoni miraba tisa bado mitupu. Nimechukua kitambaa nikashindwa kuifuta.

Rudi, mama. Si kwa ajili ya panya, hawapo tena.

Fundi viatu hajui ulikokwenda, au anajua na hataki kuniambia. Barua hii namwachia yeye. Nilipotaka kuandika bahasha nilikaa na kalamu muda mrefu. Jina lako, mama, imenibidi nimwulize yeye.

Mwanao