Baba Mkwe Kabadilisha Shoki Moja Tu

Shikamoo mshauri wangu. Nakuandikia huku mtoto ananivuta kanga, kwa hiyo unisamehe mwandiko, lakini naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Tuna kigari chetu cha zamani ambacho kila asubuhi kinapeleka mahamri yangu Nyali, na fundi wetu ni Baba Ziro, mdogo wake baba mkwe, naye kwetu ni baba mkwe vile vile, ambaye hatutozi kitu na ndiye aliyesimama nami wengine waliponikunjia uso ukweni, kwa hiyo kumpenda nampenda. Sasa shoki za mbele, zile zinazozuia gari lisirukeruke, zilichoka, ya kushoto ikawa inavuja mafuta, akabadilisha hiyo tu akaiacha ya kulia vile vile, nilipouliza akasema, "Mtu akiumia mguu mmoja utamfunga bandeji yote miwili?" Uani wote wakacheka, na mimi nikacheka.

Tangu hapo likipita tuta linaruka halafu linaruka tena, nikishika breki linavuta upande, na juzi mkokoteni ulinikatia njia, nikakanyaga breki, pua ikainama na gari likaenda lenyewe upande wa lori lililokuwa likipita, nikasikia Kafedha wangu analia kiti cha nyuma na mahamri yamemwagika yote.

Zibadilishwe zote mbili, hilo nimeshaamua, sikuulizi. Shida ni kulisema. Kwetu mke wa mtoto hamkosoi mkwe uso kwa uso, unamtuma mume, na nimemtuma Kazungu mpaka nimechoka, kila mara anarudi na jibu lile lile: "Baba amesema atatia girisi." Na Jumamosi tunakwenda harusini Kaloleni, gari limejaa, watoto na bibi yao. Je, nilipeleke gereji nyingine kwa siri?

Mama Kafedha, Mjambere

JIBU

Marahaba, Mama Kafedha, na pole kwa mshtuko huo. Kuhusu gari uko sawa kabisa. Shoki za mbele hubadilishwa kwa jozi. Mpya upande huu na mfu upande ule, gari halitulii.

Lakini hebu soma tena barua yako. Habari ya lori umemwambia nani? Kazungu. Na Kazungu kamwambia nini baba yake mdogo? Mimi sikuwepo, lakini nakuapia neno lori halikutajwa. Alisema, "Gari linalia kidogo, baba," kwa sababu na yeye anaona haya. Girisi ni dawa ya kelele, mama! Mzee anatibu ugonjwa alioletewa, nawe wakaa nyumbani wamnunia.

Kwa siri, hapana. Fundi akiinama tu ataona mkono wa mwingine, na hapo ndipo utakapokuwa umemdharau kweli.

Leo jioni nenda kwake, Kazungu akiwa kando yako. Msalimie kama ulivyofunzwa, kisha useme mwenyewe: "Baba, nusura niingie chini ya lori na mjukuu wako." Hivyo hivyo, usipunguze. Umpe ufunguo alipitishe matuta mawili matatu, wewe ukae kando unyamaze. Asipohisi yeye, fundi wa miaka yote hiyo, basi nitashangaa.

Tafuteni shoki ya kulia ya aina ile ile aliyofunga kushoto. Ikikosekana, nunueni jozi nzima. Afunge yeye, aangalie na raba za juu zinazoshika shoki, na breki pia, maana gari kuvuta upande huenda si shoki peke yake. Kisha magurudumu yakapimwe kwa wenye mashine kama yamenyooka. Akikataa, mwambie kwa adabu kwamba utalipeleka kwingine, na ulipeleke mchana, kila mtu akiona.

Mpaka hapo Kafedha haingii gari hilo, na wewe pia. Mahamri yapande tuktuk. Jumamosi ikifika kazi haijakwisha, kodini gari la kwenda Kaloleni. Bibi atanung'unika njia nzima. Mwacheni anung'unike, bora afike.