Patalo ya Kabwe nilipima ku shingo yangu

Siku ya tano, magaribi.

Na kama haitamuenea? Mutoto wangu Kabwe anarudia kesho kutoka mashimo ya kuchimba madini ya Musonoi, na leo nimemuchagulia patalo ya jean ku soko. Muuzaji alinionyesha ya kupasuka magoti.

«Mama, njo modi, bijana bote banavaa hivi!»

«Ya kupasuka anazo, tata. Mashimo inamupasuliaka bure.»

Alicheka. «Basi zungusha kiuno yake ku shingo. Ncha zikikutana nyuma, itamuenea.»

Shingo ya Kabwe haikuwa pale. Nilizungusha ku yangu, nikafunga macho, na nikasikia mikono yake midogo, vile nilikuwa namubeba ku mugongo…

Banasema kule batoto banakonda. Lakini nilichukua moja kubwa. Kama amekonda, nitamupikia bukari mpaka imuenee.