Resho la Mama Stesheni Kolwezi

Kolwezi, kwenye stesheni ya reli
Jumatano, 14 Aprili 1993

Mpendwa kaka Omer,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Hujambo wewe? Mignonne na watoto wanaendeleaje huko Nairobi? Lile jino lililokuwa likikusumbua lilishang'olewa, au bado unaogopa koleo kama zamani? Sisi ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya mvua, lakini anakula, na kama unavyomjua, anagombeza majirani wote.

Usishangae anwani hiyo. Tuko stesheni tangu wiki ya tatu ya Machi. Vijana walikuja mtaani kwetu Kapata, nyumba kwa nyumba, wakisema Wakasai kama sisi warudi kwao Kasai. Mimi nimezaliwa katika nyumba ile ya kampuni ya migodi, nimefundisha fizikia pale pale mtaani, na huko kwetu sijawahi kukanyaga. Lakini tulitoka. Baba alisukuma maji kwa pampu kwenye mashimo ya mgodi miaka thelathini na moja, na kaburi lake tumeliacha bila kuaga. Hilo linaniuma kuliko nyumba.

Treni ya kwenda Kasai huja inapotaka. Tunalala chini ya turubai, familia nne pamoja. Pasaka tumeisalia hapa hapa, na padre alisimama kwenye toroli la mizigo.

Sasa ucheke kidogo. Tulipewa muda wa kubeba kile mikono inachoweza, na mama akabeba resho, lile jiko letu la umeme la sahani mbili. Sufuria kubwa kaiacha, picha za ndoa kaziacha, resho kalikumbatia. Hapa hakuna pa kulichomeka, kwa hiyo analikalia kama kigoda.

Nimeshika kalamu kwa jambo jingine. Ile barua ya chuo cha huko kwenu uliyonitumia Februari, ya kunikubali nisome shahada ya pili ya sera za nishati na hali ya hewa, ninayo. Nimeishonea ndani ya sketi. Wanataka jibu kabla mwezi huu kwisha. Unakumbuka niliandika nini nilipoomba nafasi? Niliandika juu ya zile waya kubwa zinazoleta umeme toka bwawa la Inga mpaka kwetu Kolwezi, zikipita juu ya vijiji vya Kasai bila kuviachia hata taa moja. Niliandika nikiwa nimekaa Kapata, na ramani na rula, chini ya balbu.

Kyungu, jirani yetu dereva wa lori, hakutugeuka. Alikuja Jumapili akanivuta pembeni. Ijumaa anakwenda Zambia na mzigo, na toka huko ningeweza kufika kwako, na anacho kitambulisho cha binti yake, ambaye tunalingana umri. "Muntu moja nitaweza kupitisha," aliniambia. "Babili, hapana." Alisema huku akiangalia chini, na nikaona kwamba aibu ilikuwa yake kuliko yangu.

Mama alisema niende, yeye atapanda treni peke yake. Kisha akauliza kama kijijini kwetu umeme upo, kwa kuwa waya si zinatoka upande ule? Kaka, nilidanganya. Nilimwambia upo. Alilipiga resho kofi dogo, akaonekana ametulia. Nami nikaona aibu, na papo hapo nikaanza kuhesabu siku za kufika Ijumaa.

Jana makaa yalinishinda kuwasha. Mwalimu wa fizikia mzima nilipuliza mpaka machozi yakatoka. Mama alinisukuma kando, na mara moja moto ukashika. Nikamuuliza alijifunzia wapi, yeye wa kupikia umeme maisha yake yote. Akaniambia ni kwenye msiba wa bibi, kijijini Kasai, mwaka wa themanini na sita. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikwenda. Mimi nilikuwa na mitihani yangu Lubumbashi. Alikaa kule wiki tatu, akipikia kuni chini ya waya zile zile.

"Zinalia juu ya kichwa kama nyuki," alisema, "na chini tunatafuta kibiriti. Umeme hakuna kule, mi najua. Hii resho nilibeba sababu yako na ile barua ya chuo, uwaze niko bien, muzuri, uende bila kuangalia nyuma."

Nilijiona msomi kumbe mjinga.

Nimenaswa, kaka. Nikienda nalia, nikibaki nalia. Chuo nakitaka, sitakuficha, nakitaka mpaka usingizi unakataa. Waombe wanitunzie nafasi mwaka mmoja. Sijui kama vyuo hungoja watu.

Mama bado hajui nilichoamua. Amekwisha kunifungia kamzigo ka Ijumaa, na ndani yake ametia kitenge chake kizuri. Kyungu akija nitampa barua hii aitie posta upande wa Zambia. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, ujue kiti changu ndani ya lori kilikaliwa na bahasha, nami niko na mama, popote treni ilipotufikisha, na resho letu.

Nisalimie Mignonne, na Kalenga mdogo, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mama anakubariki kwa mikono miwili. Mungu, ambaye hamuulizi mtu kwao ni wapi, awafunike nyote.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Rachelle Mushiya