Dawa ya Mama Mkwe Imeishia kwenye Ngokela

Jumamosi jioni, Mbinga. Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi na miguu yangu bado ya baridi. Wiki nzima nimefundisha, na leo nimechoka mpaka sufuria za jana naziangalia tu.

Leo nilikwenda Mapera kumwona mama mkwe. Mume wangu yuko Lundo, kule Ziwa Nyasa, kikazi, kwa hiyo meno ya mama yake ni shughuli yangu. Mama anaumwa sukari, na tangu masika fizi zake zinatoka damu na usaha. Jumatatu nilimleta hapa mjini kwa daktari wa meno. Akamkwangua ugaga hadi chini ya fizi, mama kaning'ang'ania mkono mpaka kucha zikaniingia. Kisha akampa antibayotiki za wiki nzima. Akaeleza vizuri kabisa: kazi kubwa ni kule kusafisha, na si kila mwenye sukari anapewa dawa hizi, ila kwa mama sukari iko juu na usaha ni mwingi, basi azimeze zote. Fizi zikibaki na uchafu, sukari nayo inagoma kushuka. Meno ya mbele yanacheza, na fizi zisipopona yatang'olewa.

Mama aliitikia kila neno. Ndiyo, daktari. Nimesikia, daktari.

Leo nimemkuta kibarazani anachambua kahawa, fizi zimevimba tena, mdomo hata haufungi vizuri. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa nikauliza dawa ziko wapi.

Zimeisha.

Kumbe Alhamisi ngokela ilikuwa shambani kwake. Huku Umatengo ndiyo kazi ya kusaidiana: leo tunachuma kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba huwapikia wote. Jirani mmoja alifika shavu limevimba kwa jino. Mama angemwachaje achume kahawa yake huku anaugulia? Akampa. Mwingine ana kidonda mguuni. Mama akafungua kidonge kimoja, zile rangi mbili za daktari, akamnyunyizia ule unga. Mwingine kikohozi. Yeye mwenyewe alishaacha kumeza, maana damu ilikuwa imekatika.

"Wewe Mwalimu, nimeze peke yangu watu wananitazama? Si uchoyo huo?"

Jamani! Nikamwambia meno yatakayong'olewa ni yake, si ya ngokela. Nilisema kwa sauti ambayo mkwe hastahili kusikia. Akaendelea kuchambua kahawa yake.

Nikampigia mume wangu. Eti niongee naye taratibu. Taratibu! Yeye yuko ziwani anakula samaki wake, mbasa.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba namwelewa. Nilipojifungua, mimi mtu wa kuja kutoka Singida, nisiye na dada wala shangazi huku, ni haohao wa ngokela waliolima mahindi yangu bila kuulizwa. Leo nisimame mbele yao niwaambie kugawana ni kosa?

Lakini kwa hili ni kosa. Dozi ya mtu mmoja imegawanywa na haijamponya hata mmoja. Yule jirani shavu lake bado limejaa, maana jino lenyewe hakuna aliyeligusa.

Tumekubaliana Jumatatu narudi naye kwa daktari, na jirani aje pia. Nimemwomba msamaha kwa ile sauti. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema mwalimu asiyefoka si mwalimu.

Akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nilipokwishapanda, akafungua fundo la khanga, akanibana kitu kiganjani. Rangi mbili, moja.

"Hii nilikufichia wewe, mwanangu. Wote niliwanyima. Nakuona siku hizi umechoka sana."

Iko hapa mezani, mbele yangu. Jumatatu nitamrudishia daktari. Ila mtu kama huyu, uchoyo nitamfundishaje?