Kigari cha Mwendo wa Nyimbo

Galu, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ningependa barua hii ikukute umeketi kivulini, mguu umenyooshwa juu ya kigoda kama ulivyoagizwa na daktari. Lakini nakujua, na nadhani inakukuta umesimama mbele ya sufuria ya chai ukiwahudumia madereva. Goti linaendeleaje? Usinijibu "si haba", nataka jibu lenyewe. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, kazi ipo, na joto la Galu halinisumbui, maana mtu aliyekulia Mackinnon Road hana haki ya kulalamikia joto.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Nikitaja goti tu, unaniuliza kama nimekula. Barua huwezi kuikata katikati. Na wewe ndugu yangu Mwero unayemsomea, soma kila neno, usiruke pale nitakapokusema wewe.

Mama, Mwero aliniambia ulichoamua: kwamba kwa ajili ya goti hilo, siku ya kumleta mchumba wake Sidi utamsubiri mlangoni, na wimbo utaanzishwa na shangazi Mbeyu. Nililia, sikufichi. Kwetu bi harusi hashushwi na gari mlangoni. Hushuka barabarani, nasi wanawake tukamtembeza kwa nyimbo hadi nyumbani, na tangu nipate akili sijaona bi harusi wa mtaa wetu akivuka reli bila sauti yako mbele. Wa watu wote umewaleta wewe, na sasa anakuja mke wa mwanao mwenyewe. Gari umelikataa kwa kuwa litawaacha waimbaji nyuma. Kubebwa umekataa kwa kuwa wewe si gunia la mahindi. Yote mawili nakubaliana nawe, na ndiyo sababu nimekutengenezea kigari.

Unajua kazi yangu hapa hotelini ni kutunza vile vigari vya umeme vinavyobeba wageni na mabegi yao. Nafanya kazi na Otieno, kijana wa bara, fundi mzuri mwenye ugonjwa wa kupenda mbio. Tuliomba vyuma vilivyokuwa vimetupwa nyuma ya karakana, tukachomelea kiti chenye magurudumu matatu. Kazi ya kuchomelea ilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kuchagua mota.

Tulianza vibaya. Kulikuwa na baiskeli ya umeme iliyovunjika, ambayo mota yake imo ndani ya gurudumu lenyewe, haina mnyororo wala gia. Otieno ndiye aliyeitaka. Kwenye lami ikaenda vizuri sana, akarudi amefurahi kweli. "Manze, hii ikifika kwenu watu wataona vumbi tu," alisema. Tukaipeleka mchangani, kwa mwendo wa mtu anayetembea, na haikupita muda ikaanza kunuka kama plastiki inayoungua. Kisha ikasimama, na haijaamka hadi leo.

Hili nitakueleza kwa malori. Wewe hata ukiwa umeipa barabara mgongo, ukichuja chai, husema, "Huyo amechelewa kushuka gia." Basi mota ile ni lori lenye gia ya mwisho peke yake. Likishashika mwendo halina shida, lakini ukitaka liondoke polepole na mzigo, linateseka. Tena injini ya lori ikishindwa huzima tu. Mota ya umeme haizimi, hung'ang'ana palepale ikinywa umeme, na umeme huo usipokuwa mwendo huwa moto.

Kwa hiyo tukatafuta mota ya namna nyingine, ndogo, inayozunguka kwa kasi, yenye kisanduku cha gia mbele yake. Tuliipata kwenye skuta mbovu. Kutoka hapo tukaweka mnyororo, gurudumu dogo la meno upande wa mota na kubwa upande wa ekseli. Sasa mota inazunguka kama mara hamsini ili tairi lizunguke mara moja, na mbio zake zote zinageuka kuwa nguvu. Matairi yenyewe ni ya toroli, madogo lakini manene, yasizame kwenye ule mchanga wetu mwekundu. Umeme unatoka kwenye betri mbili za sola. Otieno alikitazama kikitambaa uani, akasikitika.

"Manze Nyamvula, hata kobe itaovateki hii kitu."

Nikamwambia kobe naye amealikwa harusini.

Nilidhani nimemaliza. Nikamwomba Bi Mwanakombo, mama wa Kinondo anayefua hapa hotelini, apande tukipime, maana mnalingana kwa umbo. Akazunguka uwanja mzima bila tatizo, mimi nikapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Mwanangu, arusi haiendi hivi," aliniambia. "Arusi yenda, yasimama, yaitika, kisha yenda tena. Hiki chako chajua kwenda tu."

Niliona aibu, Mama. Nilikuwa nimepima mwendo na sikupima kusimama, mimi niliyetembea nyuma yako harusi zote zile. Nikakumbuka lile tuta la reli. Katikati ya mpando, nyumba yetu inapoanza kuonekana, ndipo unapowasimamisha wanawake wote, ukamwimbia bi harusi ule ubeti wa kumwonyesha kwake, halafu mnaondoka tena. Kuendelea kupanda si kazi kubwa kwa mota. Kazi ni kusimama mpandoni na mzigo, kisha kuanza upya.

Sasa nitakuambia siri ya Jumapili. Ulipopokea simu nikakuomba uniimbie wimbo wa kumleta bi harusi, wote, pamoja na vituo vyake, uliniuliza kama naumwa. Nikasema nimeukumbuka tu, na kweli nilikuwa nimeukumbuka. Lakini simu nilikuwa nimempa Bi Mwanakombo, aliyekuwa juu ya kigari ameiweka mapajani, sauti imefunguliwa yote. Nyuma ya chumba cha kufulia kuna mpando wa kusukumia matoroli, mkali karibu sawa na tuta letu. Ukiimba, anakwenda. Ukinyamaza, anasimama. Ulipofika kwenye ule ubeti alikuwa katikati ya mpando, na ulipoanza tena, mota ikanguruma na kigari kisisogee hata kidogo. Otieno akaacha kucheka.

Tukabadilisha lile gurudumu la meno la kwenye ekseli, tukaweka kubwa zaidi. Mwendo ukapungua tena kidogo, Otieno akanung'unika tena kidogo. Ndiyo sababu Jumatatu nilikupigia nikakuomba urudie, nawe ukasema sasa umejua kwa hakika kwamba nina mchumba. Mama, sina mchumba, nina mnyororo. Siku hiyo ulipoanza tena baada ya ubeti, kigari kiliondoka taratibu bila kushtuka, na nilipoigusa mota ilikuwa vuguvugu tu. Wanawake wa kufua walikuwa wameacha nguo zao, wanaitikia. Ukauliza ni redio gani hiyo. Walikuwa wanatembea naye ubavuni na nyuma, na mimi niliyetengeneza kile kitu nilitazama nikasahau kukitazama. Nilimwona Bi Mwanakombo kati ya wenzake, basi.

Kinakuja na lori la nazi linalokwenda Voi, pamoja na barua hii. Finya mpini wa kulia kidogo, kitaondoka. Ukiachia, kinasimama. Breki iko kushoto, ivute ukiwa mpandoni. Hakuna atakayekusukuma wala kukuongoza. Wewe ukisimama ndipo harusi inasimama, kama zamani. Mwero, hapa ndipo ninapokusema: nikisikia umekipakia magunia ya makaa nitakuja kukuvua kanzu ya harusi mwenyewe.

Ukikataa, Mama, sitakulazimisha. Kitachota maji, na siku hiyo nitakaa nawe mlangoni tumsubiri Sidi pamoja. Lakini nasema wazi kwamba sitaki kukaa mlangoni. Nataka kutembea nyuma yako.

Nisalimie Baba, na mbuzi wake kwa kuwa ataniuliza kama nimewasalimia. Shangazi Mbeyu mwambie sauti yake ni nzuri sana, hasa ya kuitikia. Mkwe wetu Sidi mwambie asivae viatu virefu, mchanga wetu ni uleule. Otieno anakusalimu kwa heshima, na Bi Mwanakombo anasema ule ubeti wa mpandoni ameushika, sasa anawafundisha wenzake huku wakikunja mashuka.

Sauti yako imeshakipanda kigari hiki, Mama, na mpando ikaumaliza. Umebaki wewe.

Mwanao akupendaye,
Nyamvula