Sehemu Ambayo Hasemi Neno

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, ile ya Durban isiyo na haraka yoyote. Nguo nilizofua juzi bado ni mbichi na chumba kizima kinanuka sabuni. Sina hasira na mtu. Nimechoka kidogo tu, na nina jambo la kuamua kabla ya Jumatatu.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: ninauza vocha, chaja na vioo vya simu katika duka la Papa Elie, mjini. Hiyo ni kazi ya mchana. Kazi ya pili, ile ninayoipenda, ni kutafsiri tamthilia za Kimarekani. Naingia ndani ya kabati la nguo na kompyuta, najifunika blanketi, halafu nasema kwa Kiswahili kila wanachosema Wamarekani, wanaume kwa wanawake, hata watoto. Papa Elie anapakia kwenye flashi na kuuza. Wateja wetu wakubwa ni saluni za Wakongo na Warundi.

Nilichelewa kuelewa kwa nini ni saluni. Msusi hawezi kutazama televisheni. Macho yake yako kwenye kichwa cha mteja tangu asubuhi, na akiyainua mstari unapinda. Anachoweza ni kusikiliza. Kwa hiyo kwao mimi ndiye picha yenyewe. Nikisema mlango umefunguka, umefunguka. Nikisahau, mwizi anaingia na saluni nzima haina habari.

Kuna mwigizaji mmoja ambaye nimemsemea kuliko wote. Jina lake siandiki. Papa Elie anaogopa kwamba tukiandika majina tutatafutwa, ingawa sidhani kama yule mama amewahi kusikia habari zetu. Hajawahi kuwa nyota. Amekuwa kazini. Nilipokutana naye mara ya kwanza alikuwa mhudumu wa mgahawa, akamletea mpelelezi kahawa, akauawa kabla kahawa haijapoa. Kisha akarudi katika tamthilia nyingine akiwa nesi. Halafu wakili, halafu mke wa tajiri, halafu mama wa vichekesho mwenye watoto wasiosikia la mtu. Akawa mwizi wa benki. Mwaka uliofuata alikuwa jaji, anawafunga wezi wa benki bila huruma. Jina lake huja la tatu au la nne pale mwanzoni, wakati watu bado wanatafuta mahali pa kukaa.

Kila mara nilimtafutia Kiswahili chake. Nesi nilimpa cha Bukavu, cha upole, kinachovutavuta mwisho wa neno. Jaji alipata kile cha watangazaji wa redio wa Tanzania, kilichonyooka mpaka kinatisha. Mwizi alipata cha Nairobi, nilichokiokota kwa dereva mmoja wa malori wa kule Clairwood aliyekuwa akija dukani kununua chaja kila wiki, nadhani alikuwa anazipoteza makusudi. Mke wa tajiri alichomeka Kifaransa kwenye kila sentensi kama wafanyavyo wake za matajiri wa kwetu, na wasusi walimchukia ipasavyo.

Mwenye nyumba wetu hapa Chatsworth, bibi wa Kihindi, hupika dengu kwa sufuria ya presha. Mluzi wa sufuria hiyo uliingia katikati ya hukumu ya yule jaji. Hakuna aliyelalamika. Walidhani ni kengele ya mahakama.

Sitasema kwamba nampenda huyo mama, maana hatujuani. Lakini mtu anayebadilishiwa kazi, nguo na jina kila mara, na kila anapopelekwa anafika amejiandaa, huyo naweza kumwelewa. Mama yangu alikuwa mwalimu kule Uvira, Kongo. Hapa ameuza nyanya, amelea watoto wa watu Queensburgh, sasa anasafisha kanisa. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi.

Sasa mwigizaji wangu amezeeka. Katika tamthilia mpya ni mama ambaye binti yake alitoka kwenda kazini na hakurudi. Sehemu za mwanzo anaongea kama kawaida, anawauliza polisi, anagombana na mkwewe. Halafu inakuja sehemu moja ambayo hasemi neno, tangu mwanzo mpaka mwisho. Watu wanaingia, wanasema naye, wanatoka. Yeye anaosha kikombe. Anakaa. Anasimama, anaosha kikombe kilekile.

Katika kazi yetu kimya hakiruhusiwi. Mtafsiri akikutana na kimya anakijaza: anatania, anawasalimu wateja, anamwekea mtu maneno mdomoni. Mimi mwenyewe nimetangaza chaja za Papa Elie katikati ya mazishi, na watu walicheka, na chaja zilinunuliwa.

Safari hii nilisema yale ya waliosema. Yule mama alipobaki peke yake na kikombe chake, nikanyamaza.

Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Leo asubuhi Mama Chantal, mwenye saluni iliyo jirani na duka letu, aliingia na flashi mkononi, kitana amekichomeka kwenye nywele zake mwenyewe.

"Dada Riziki, flashi imekufa," akasema. "Watu wanatembea, lakini sauti haiko."

Nikamfuata saluni. Nikaichomeka tena, nikawaonyesha kwamba ni nzima. Nikawaeleza kuwa huyu mama amenyamaza kwa sababu ya mtoto wake, na kwamba wamtazame tu. Kutazama ndiko kulikowashinda mwanzoni. Walikuwa wananitazama mimi, wakingoja niseme kinachoendelea. Halafu mmojammoja wakageuka. Mikono ikasimama. Mama Chantal alikuwa amebana rasta kwa meno na akaisahau hapohapo.

"Kumbe iko muzee," akasema baadaye.

Nikawaambia ndiye yule nesi waliyempenda. Ndiye jaji, ndiye mwizi, ndiye yule mke wa tajiri waliyemtukana mwezi mzima. Hawakuniamini. Wamemsikia miaka yote hiyo na sura yake hawaijui. Mama Chantal alisema kichwani mwake huyo mama alikuwa mnene, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na nilipomuuliza meno hayo ameyatoa wapi akanionyesha ya kwangu. Mteja aliyesukwa nusu kichwa akauliza kama atamaliziwa leo au arudi Jumatatu.

Ilipendeza kwa muda mfupi. Kisha wakarudi kwenye vichwa vyao. Mmoja alisema bila kunificha kwamba flashi hii haina ladha, na kwamba kusuka bila sauti kunaumiza mgongo. Nilijua anasema kweli, maana nami nimewahi kusuka.

Papa Elie alikuwa ananingoja dukani. Si mtu mbaya, na hakupandisha sauti. Aliniambia saluni nyingine pia zimempigia simu.

"Eish, Riziki. Watu wananunua sauti. Wewe unawauzia kimya."

Akanieleza taratibu. Jumatatu asubuhi anataka sehemu hiyo irudiwe, iwe na maneno na vichekesho kama zamani. Nisipofanya hivyo, tamthilia hii na zote zitakazofuata zinakwenda kwa Innocent, kaka mmoja Mrundi wa Queensburgh ambaye hutania hata mgonjwa akiwa anakata roho. Mimi nitabaki na vocha na chaja. Nikajibu "sharp", yaani sawa, nikachukua mwavuli.

Njiani nilikuwa nimeshaamua kwamba sirudii. Niliamua bila uchungu, nikiwa nimesimama kwenye robot, ile taa ya barabarani, nikingoja ibadilike. Ningemwachia Innocent kabati langu na blanketi langu pia.

Nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamsimulia, kwa sababu angeniuliza kwa nini nimewahi kurudi. Siku niliyorekodi sehemu ile alikuwa kanisani, kwa hiyo hakuijua. Akaomba aione. Mama hana Kiingereza kabisa. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaitazama mpaka mwisho, sinia la maharage likiwa mapajani.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Nilikuwa darasa la tatu baba alipotoka Uvira na lori la bidhaa na hakurudi. Wala lori halikuonekana. Mama akaacha kusema. Hakuwa anaumwa, alipika na kufua na kutuogesha, lakini neno halikutoka. Wanawake wa kanisa walikuja wakamsemesha kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi. Walipochoka wakaacha kuja. Mimi nilikuwa mkubwa wa watoto. Nikitoka shule nilikaa naye kwenye mkeka nikamsimulia yote: nani wamegombana bombani, ndagala wa ziwani wamefika bei gani, mwalimu amemchapa nani. Siku ambayo hapakuwa na habari nilizitunga. Nilifanya hivyo msimu mzima wa mvua. Sikuwa na hekima yoyote, niliogopa tu nyumba ikiwa kimya. Halafu siku moja akaniambia nimletee chumvi, na tangu hapo anaongea kama watu wote, hata kupita kiasi. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, yeye wala mimi. Siku zote nilijua kwamba maneno yangu yalikuwa yanapita juu ya kichwa chake, kama redio ya jirani.

Sehemu ilipoisha Mama akavua miwani.

"Unamwacha peke yake juu ya nini?"

Nikamwambia huyu mama hasemi, kwa hiyo hakuna cha kutafsiri, na kumwekea maneno mdomoni ni kumkosea. Akakubali kwamba hasemi. Akasema hakuniuliza habari ya mdomo wa yule mama, ameniuliza habari ya mdomo wangu. Kisha akarudia maharage yake, akatoa jiwe, akalitupa dirishani kwenye mvua.

"Ile mbuzi ya pasta, yenye ilikula shati," akasema bila kunitazama. "Ulitunga. Pasta hakukuwaka na mbuzi."

Akatoa jiwe lingine.

"Nilikuwaka nasikia yote," akasema.

Nililia. Naandika hivyo tu, kwamba nililia, nikiwa nimeshika mwavuli ambao bado ulikuwa unachuruzika. Mama aliendelea kuchambua. Baada ya muda akaniambia niweke mwavuli nje, ninalowesha mkeka.

Nimekaa na jambo hilo mchana wote. Nimejaribu kulipima kama mtu anayepima kazi ya mwingine. Mbuzi huyo nilimtunga siku ambayo hapakuwa na habari hata moja, na nilimpa shati la pasta wetu la kuhubiria Jumapili, lenye vifungo vya rangi ya dhahabu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsahau. Mama amemchukua kutoka Uvira mpaka hapa, kambi kwa kambi, mpaka kwa mpaka, na hakuniambia.

Kwa hiyo ninarudia. Si kwa ajili ya Papa Elie, ingawa atadhani hivyo, na vichekesho vyake hatavipata vyote. Yule mama sitamwekea neno mdomoni. Akinyamaza, anyamaze. Lakini kila atakapobaki peke yake na kikombe chake, mimi nitasema naye. Nitamweleza habari za bombani na bei ya ndagala. Nitamwambia kwamba Mama Chantal amemwona leo kwa mara ya kwanza. Wasusi nao watasikia, na mikono yao itaendelea na kazi. Kama Jumatatu Papa Elie atasikiliza na kuona kwamba hii siyo biashara, ampe Innocent. Nitakuwa nimemaliza ya kwangu.

Mvua inapiga bati kwa nguvu na itaingia kwenye sauti. Sufuria ya bibi wa Kihindi imeanza kupiga mluzi. Viingie vyote. Mama ameshatoa nguo kabatini ili nipate nafasi, na amejikalisha kitandani kusikiliza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Blanketi liko kichwani. Najua nitakavyoanza.

Mama, leo ni Jumamosi. Mvua inanyesha tangu alfajiri. Mbuzi wa pasta ametoroka tena.