Laptop Imefungwa, Mbona Ina Joto?

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa Kinyakyusa chetu: ugonile, tata. Tangu tukuzike sijakuandikia, na leo nakuandikia kwa sababu wengine wote nikiwaeleza wataniambia nimezidi. Wewe hukuwahi kumwambia mtu kwamba kazidi kushuku. Ulikuwa unamwambia kachelewa.

Unakumbuka TV yetu pale Soweto ya Mbeya, ile yenye kisogo kikubwa? Ukirudi kazini tulikuwa tunajipanga, "Shikamoo Baba," na marahaba haitoki mpaka mkono wako ufike nyuma ya TV. Ukikuta pana joto huulizi nani kawasha. Unauliza nani aanze kulala chini. Siku moja kaka Ambele aliipoza kwa kitambaa cha maji. Ukagusa, ukatazama vidole, ukasema, "Tangu lini TV ikatoka jasho?" Tulichapwa wote, na Mama alicheka mpaka akakimbilia jikoni. "Mtu ana mdomo wa kudanganya," ulituambia, "lakini joto halina mdomo."

Huo mkono niliurithi mimi. Hapa Iringa nagusa pasi, nagusa jiko, nagusa hata kiti cha sebuleni kujua kama kuna mgeni alikikalia. Zamani mkweo alikuwa ananitania, "Hivi nimeoa mke au nimeoa polisi?" Tulikuwa tunacheka.

Sasa sikiliza. Laptop yangu ya kutungia mitihani niliiweka kwenye hali ya kuokoa chaji, maana umeme wetu unaujua. Ukiiweka hivyo, prosesa, yaani ule ubongo wake, inafanya kazi polepole, feni inanyamaza, na ukifunga kifuniko inalala. Ilikuwa inanitii. Kisha ikaomba kujisasisha, nikairuhusu, ikazima, ikawaka, nikaendelea na shughuli zangu. Wiki ileile nikarudi kutoka shuleni nikaikuta juu ya kabati, imefungwa, ina joto kama sufuria ya maharage iliyoepuliwa sasa hivi.

Na nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe, mkweo, Baba Tumaini, anashinda hapa.

"Umetumia laptop yangu?"

"Sijaigusa."

"Weka mkono hapa."

Akaweka, akashangaa. Nami nikasema moyoni, mwanamume huyu anajua kushangaa.

Weee, Baba! Nikabadilisha nywila, bado ikachemka. Nikapekua humo ndani nione anachati na nani, nisikute kitu, na huko kutokuta kitu ndiko kukanitia wasiwasi zaidi. Nani anafuta vizuri hivyo kama hana la kuficha? Asubuhi moja nikatega unywele wangu kwenye kifuniko kabla ya kwenda kazini. Nikarudi nikakuta unywele palepale na joto palepale. Unajua nilisema nini? Nilisema ameuona, akaurudisha. Nikamtolea uvivu mbele ya watoto: "Mwambie huyo mwanamke wako akununulie laptop yako!"

Mkweo si mtu wa kelele, unamjua. Alikunja mashati yake, akasema, "Kukosa kazi nimevumilia. Kukaguliwa kama mwizi ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe, hapana." Akaenda kwa kaka yake huko Mbalizi. Na mimi badala ya kulia nikawa najiuliza, Mbalizi kuna nani?

Jumamosi watoto walikwenda mazoezi ya kwaya. Nimebaki peke yangu nafua uani, mlango wa mbele nimeufunga kwa komeo, mara nasikia feni inavuma ndani. Nikaingia na ufagio mkononi. Hakuna mtu. Laptop imefungwa, inachemka. Nikaifungua: pameandikwa inaokoa chaji, kumbe inakimbia kama imefukuzwa na mbwa. Nilisimama pale na ufagio wangu kama mwendawazimu.

Jumatatu nikamfuata mwalimu mwenzangu wa kompyuta. Akasema hata yake iko hivyo tangu isasishwe. Setingi zinajirudia zinavyotaka, maandishi yanasema hivi na prosesa inafanya vile, na ukiifunga hailali.

"Sasa mbona hukuniambia mapema?" nikamfokea.

"Mwalimu, hukuuliza. Uliniuliza namna ya kujua mtu amefuta nini."

Niliona aibu, Baba, aibu ya masikio kuwaka moto. Halafu nikaanza kukushuku wewe. Ile siku Ambele alipoapa kwa jina la Mama kwamba hakuwasha TV, umeme si ulikuwa umekatika ukarudi, labda TV ikajiwasha yenyewe? Wewe ulimchapa tu. Ulikuwa na uhakika, au ulikuwa umeshazoea kuwa na uhakika? Ulipokuwa hai sikuthubutu kukuuliza, na sasa ninaweza kuuliza lakini hujibu. Nakupenda vilevile. Ila nimekukasirikia.

Jioni ile nikampigia mkweo. Nikamwambia, "Baba Tumaini, rudi nyumbani. Imechemka peke yake, nimeiona kwa macho yangu. Si wewe."

Nikasikia honi za malori huko barabarani. Kisha akauliza, bila hasira kabisa, "Na kama Jumamosi ningekuwepo nyumbani, ungesemaje?"

Unanijua, mimi sikosi neno. Nilitafuta la kusema, nikapata moja tu, la kweli.

"Ningesema ni wewe."

"Haya," akasema. "Asante kwa kutonidanganya. Ngoja kwanza nikae huku." Akakata simu. Tumaini aliyekuwa anasubiri kumsalimia baba yake akaniuliza mbona hajapewa simu, nikamwambia mtandao mbaya.

Sikuombi ushauri, tata. Najua ungeniambia nini. Jirani nimeshamwomba awaangalie watoto, na tiketi ya basi la kesho asubuhi ninayo. Ukiniuliza kama naenda Mbalizi kumwomba radhi mume wangu au kuchungulia analala wapi, nitakudanganya.

Pumzika, Baba. Msalimie Mama.

Ni mimi,
binti yako wa Iringa